Kasa wa Kale: Jina, Kielelezo na Upatanisho wa Kisarufi katika Uainishaji wa Visukuku

Ikisiri

Makala hii inaeleza namna kasa wa kale, wanaofahamika kwa visukuku tu, wanavyoainishwa na kupewa majina ya kisayansi. Aidha, inachunguza kile ambacho shughuli hiyo inakidai kutoka kwa mwandishi wa Kiswahili. Hoja yake ni kwamba jina la kisayansi limefungwa kwenye kielelezo, wala si kwenye maana ya maneno yaliyoliunda. Kwa hiyo kulitafsiri jina hilo ni kulikata kamba yake. Upande wa pili, upatanisho wa kisarufi wa Kiswahili humlazimisha mwandishi kutenganisha mnyama na mabaki yake. Inapendekezwa kwamba neno kasa libaki kuwa neno la umbo na makazi, lisigeuzwe kuwa jina la nasaba.

1.0 Utangulizi

Mwaka 1895, George Reber Wieland alipata mifupa ya kasa mkubwa ajabu kandokando ya Mto Cheyenne, katika Dakota Kusini nchini Marekani. Mwaka uliofuata alimtangaza kwa jina la Archelon ischyros. Mifupa hiyo imo katika Makumbusho ya Peabody ya Chuo Kikuu cha Yale. Ina kasoro moja inayojulikana sana: sehemu ya chini ya mguu wa nyuma wa kulia haipo.

Mwandishi wa Kiswahili anayetaka kuyasema hayo kwa sentensi mbili hukutana na swali ambalo mwandishi wa Kiingereza halioni. Je, aandike kwamba Archelon hana mguu, au kwamba hauna, au kwamba hakina? Kiambishi kimoja tu kinabadilika, lakini kila kimoja kinataja kitu tofauti. Archelon kama mnyama wa ngeli ya a-/wa- alikuwa na miguu minne iliyogeuka mapezi, sawa na kasa wote. Kilichopungukiwa ni kielelezo, yaani kitu cha ngeli ya ki-/vi-. Ama mfupa ulio kwenye kabati ya makumbusho, huo ni wa u-/i-. Anayeandika kwamba “Archelon hakuwa na mguu wa nyuma wa kulia” ametunga sentensi safi kisarufi, ila amesema uongo kuhusu spishi nzima.

Tatizo hili si la uhariri tu. Istilahi za biolojia zinazidi kuingizwa katika Kiswahili, na wanaoziingiza aghalabu ni wanaisimu ambao hawajapata nafasi ya kuzisoma kanuni zinazotawala majina ya wanyama. Kasa wa kale wanafaa kuwa mfano kwa sababu historia ya majina yao ni ndefu, ina makosa mengi yenye mafunzo, na inagusa viumbe ambao wenyeji wa pwani ya Afrika Mashariki wana msamiati wao mahususi kuwahusu.

2.0 Kasa katika msamiati wa pwani

Duniani leo kuna spishi saba za kasa. Sita zimo katika familia ya Cheloniidae, na moja, ambayo gamba lake limefunikwa na ngozi, imo peke yake katika familia ya Dermochelyidae. Tano kati ya saba huonekana katika maji ya Afrika Mashariki. Wavuvi huzitambua kwa majina kama kasa (au kasa wa kawaida), ng'amba, duvi, kigome na noa, ingawa matumizi hutofautiana kutoka mwambao mmoja hadi mwingine.

Mambo mawili katika orodha hiyo yanastahili kuangaliwa. Kwanza, neno kasa lina kazi mbili. Hutaja kundi lote, na papo hapo hutaja spishi moja inayokutwa zaidi, ambayo wanasayansi huiita Chelonia mydas. Brent Berlin, katika uchunguzi wake wa uainishaji wa viumbe katika lugha za watu mbalimbali, alionyesha kwamba hali hii ni ya kawaida: mwanakundi aliye maarufu zaidi hubeba jina la kundi, na panapotokea utata ndipo huongezewa kivumishi. Kwa hiyo kasa wa kawaida si jina la kitaalamu lililobuniwa ofisini. Ni njia ya lugha ya kujitoa katika utata.

Pili, Kiswahili hakimhesabu kasa kuwa aina ya kobe. Hayo ni mashina mawili yasiyo na uhusiano wa kimofolojia. Kigiriki cha kale kilitumia neno moja, chelone, kwa wa nchi kavu na wa baharini, kikitofautisha kwa vivumishi pale ilipohitajika. Linnaeus naye, mwaka 1758, aliwaingiza wote katika jenasi moja ya Testudo, neno la Kilatini la kobe. Mvuvi wa Kilwa au Lamu alikuwa na mgawanyo ambao wataalamu wa Ulaya waliufikia baadaye kwa hatua: jenasi Chelonia ilitengwa na Brongniart mwaka 1800, Dermochelys na Blainville mwaka 1816, na Eretmochelys, yaani ng'amba, na Fitzinger mwaka 1843. Isidhaniwe kwamba mvuvi alikuwa mtaalamu wa nasaba. Alichokitazama ni pezi na mahali, na tofauti hiyo itarejewa katika sehemu ya tano.

Neno ng'amba lina sifa nyingine yenye manufaa hapa. Ng'amba huyu ni mnyama. Ng'amba hii ni gamba lake lililokwisha kuwa bidhaa. Bidhaa hiyo ni ya kale mno katika pwani hii: Periplus ya Bahari ya Eritrea, maandishi ya Kigiriki ya karne ya 1, yanaitaja miongoni mwa vitu vilivyouzwa nje kutoka Rhapta. Lugha imekwisha kuzoea, basi, kutenganisha kiumbe na mabaki yake kwa upatanisho bila kubadilisha nomino. Mwanasayansi hulifanya jambo hilohilo kwa kanuni ndefu.

3.0 Jina limefungwa wapi?

Kanuni za Kimataifa za Majina ya Wanyama, ambazo toleo lake la nne lilianza kutumika tarehe 1 Januari 2000, zinaagiza kwamba jina la spishi lifungwe kwenye kielelezo maalumu. Makala hii inakiita kielelezo kibeba-jina. Anayetunga jina huandika maelezo ya sifa za mnyama, lakini maelezo hayo yanaweza kuwa na makosa, yakasahihishwa, hata yakatupwa yote, na jina likabaki. Kielelezo kikibainika kuwa ni cha kundi jingine, jina hukifuata huko.

Wanaisimu watatambua hapa hoja ya Saul Kripke kuhusu majina ya pekee, aliyoitoa katika mihadhara yake ya mwaka 1970: jina halimtaji mtu kwa kupitia wasifu wake, bali kwa kupitia tendo la kumpa jina na mnyororo wa matumizi unaofuata. Mtoto aliyeitwa Shida haachi kuwa Shida akitajirika. Vivyo hivyo, sehemu ya mwanzo ya jina Archelon imetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mwanzo, na pia utawala. Kasa huyo aliishi takribani miaka milioni 75 iliyopita, ilhali Santanachelys gaffneyi wa Brazili, aliyetangazwa na Ren Hirayama mwaka 1998, ana umri wa miaka milioni 110 hivi. Mwaka 2015 Edwin Cadena na James Parham walimtangaza Desmatochelys padillai wa Kolombia, ambaye ana zaidi ya miaka milioni 120. Kwa maana ya kimfuatano, Archelon si wa mwanzo hata kidogo. Hakuna aliyependekeza abadilishiwe jina, kwa kuwa maana ya jina si hoja inayosikilizwa.

Kutokana na hilo, kumwita Archelon ischyros “kasa-mwanzo mwenye nguvu” katika kitabu cha Kiswahili ni kufanya mambo mawili mabaya kwa pamoja. Msomaji hupewa taarifa isiyo kweli, kisha huondolewa jina ambalo kwalo angeweza kuupata mfupa wenyewe na maandishi yote yanayouhusu. Fasiri ya maana ya jina inafaa kuwa maelezo ya pembeni. Haifai kuwa jina.

Kielelezo, hata hivyo, ni kitu cha bahati. Ocepechelon bouyai wa Morocco, aliyetangazwa mwaka 2013, anajulikana kwa fuvu lenye urefu wa sentimita 70 hivi, lenye mdomo mwembamba uliochongoka kama bomba. Leviathanochelys aenigmatica wa Katalunya nchini Hispania, aliyetangazwa mwaka 2022, anajulikana zaidi kwa nyonga yake, na kutokana na nyonga hiyo urefu wake umekadiriwa kuwa mita 3.74. Psephophorus, jenasi iliyoundwa na Hermann von Meyer katika karne ya 19, ilisimama juu ya vipande vidogo vya gamba vilivyopangana mithili ya mawe ya sakafu. Fuvu halilinganishwi na nyonga, wala nyonga hailinganishwi na vigae vya gamba. Wanyama wawili waliopewa majina kutokana na sehemu tofauti za mwili hawawezi kuthibitishwa kuwa ni spishi moja, wala kuwa ni mbili, mpaka apatikane wa tatu mwenye sehemu zote.

Ndiyo maana visawe ni vingi. Mfano mzuri unatoka katika udongo wa mfinyanzi wa London. Richard Owen na Thomas Bell walichapisha mwaka 1849 maelezo ya kasa wengi wa kale waliotoka humo, hasa katika kisiwa cha Sheppey, wakiwaweka wengi katika jenasi moja na kasa wa leo. Baadaye jenasi hiyo ilivunjwa. Baadhi walipelekwa katika Argillochelys, jina ambalo Lydekker alilitunga mwaka 1889 kwa kutumia neno la Kilatini la udongo wa mfinyanzi. Mwaka 1974 R. T. J. Moody aliwapitia upya na kuyakusanya majina kadhaa chini ya spishi moja, Puppigerus camperi. Tofauti za umri wa mnyama, au za mgandamizo wa tope juu ya fuvu, zinatosha kabisa kumfanya mtu mwangalifu aone spishi mbili palipo na moja.

Neno kisawe lenyewe linahitaji tahadhari. Katika semantiki, visawe huishi pamoja na kugawana kazi kwa muktadha au lahaja. Katika majina ya wanyama visawe haviwezi kuishi pamoja: cha kale zaidi, kuanzia mwaka 1758, ndicho halali, na vingine hubaki kwenye kumbukumbu. Homonimu nazo hazivumiliwi. Kiswahili hakioni taabu kuwa na paa wa porini, paa la nyumba na kitenzi paa, kwa kuwa ngeli na muktadha vinatosha kumwongoza msikilizaji. Jenasi mbili za wanyama zikigongana kwa jina, iliyochelewa hutungiwa jingine.

Tahajia pia hulindwa kwa ukali ambao mhariri wa kamusi angeuonea wivu. Katika mji wa Maastricht, Uholanzi, aliishi katika karne ya 18 daktari wa upasuaji aliyekusanya visukuku, Johann Leonard Hoffmann. Wanyama wawili wakubwa wa mawe ya mji huo wana jina lake. Mmoja ni mtambaazi wa baharini Mosasaurus hoffmannii, aliyepewa jina na Mantell mwaka 1829. Wa pili ni kasa Allopleuron hofmanni, ambaye jina lake la spishi lilitolewa na Gray mwaka 1831. Mtu ni mmoja, mji ni mmoja, lakini jina moja lina f mbili na i mbili, na jingine lina f moja na i moja. Viambishi -i na -ii vyote ni vya umilikishi: cha kwanza kimeongezwa moja kwa moja kwenye jina, cha pili kimepitia umbo la Kilatini Hoffmannius. Vinafanya kazi ya a-unganifu ya Kiswahili. Hakuna ruhusa ya kuvisawazisha kwa ajili ya kupendeza macho.

Hata mabano yana sarufi yake. Pakiandikwa Allopleuron hofmanni (Gray, 1831), mabano yanasema kwamba Gray aliitunga hofmanni akiwa ameiweka katika jenasi nyingine, kisha spishi ikahamishwa. Pakiandikwa Archelon ischyros Wieland, 1896, bila mabano, spishi ingali katika jenasi ileile iliyozaliwa ndani yake. Wahariri wengi huyaondoa mabano hayo wakidhani ni mtindo wa kutaja marejeo. Kwa kuyaondoa, wanaifuta historia ya uhamisho.

4.0 Upatanisho wa aina mbili

Jina la spishi likiwa kivumishi cha Kilatini au Kigiriki, sharti lipatane kijinsia na jina la jenasi. Majina yanayoishia na -chelys ni ya kike, ndiyo sababu ya aenigmatica katika Leviathanochelys aenigmatica. Psephophorus ni ya kiume, ndiyo sababu ya polygonus katika Psephophorus polygonus. Mtaalamu akimhamishia huyu wa pili kwenye jenasi yenye -chelys, atalazimika kuandika polygona. Mwanafunzi wa Kiswahili hahitaji kufundishwa mantiki hii. Ni ileile inayogeuza kitabu kizuri kuwa mti mzuri ukibadilisha nomino.

Mambo huanza kuwa ya kuvutia pale neno linapotoka nje ya lugha hizo mbili za kale. Mwaka 2009 Octávio Mateus na wenzake walimtangaza mnyama wa baharini wa Angola mwenye umri wa takribani miaka milioni 90, wakamwita Angolachelys mbaxi. Mbaxi ni neno la Kikimbundu, lugha ya Kibantu ya Angola, lenye maana ya kobe. X yake hutamkwa kama sh ya Kiswahili. Kwa kuwa ni nomino, haipatani na chochote. Jina zima kwa hiyo lina Angola, kobe kwa Kigiriki, na kobe tena kwa Kibantu, na kanuni hazina pingamizi na urudufu huo. Kanuni zinakubali neno la lugha yoyote, hata herufi za kifupisho: Ocepechelon imeanza na matamshi ya herufi O, C na P, kifupisho cha shirika la fosfati la Morocco ambalo machimbo yake ndiyo yaliyotoa fuvu.

Kiswahili nacho kimeingia katika orodha hii, ingawa kwa wanyama wa nchi kavu. Tanzania imetoa Asilisaurus kongwe mwaka 2010 na Mnyamawamtuka moyowamkia mwaka 2019. Kenya imetoa Simbakubwa kutokaafrika mwaka huohuo wa 2019. Maneno ya lugha nyingine yakiwa vivumishi hayalazimiki kupatana na jenasi, kwa hiyo kongwe halitaguswa hata jenasi ikibadilika. Matokeo yake ni kwamba upatanisho wa Kilatini hauliingii, na upatanisho wa Kiswahili umegandishwa ndani yake kama mdudu katika utomvu. Mnyamawamtuka ana a-unganifu sahihi ya ngeli ya kwanza. Simbakubwa ana mushkeli: simba ni mnyama, na Kiswahili sanifu kingemtaka awe simba mkubwa. Simba kubwa husikika katika Kiswahili cha maeneo mengi ya bara, na huenda ndicho kilichowafikia watunzi. Isitoshe, mnyama huyo hakuwa simba. Alikuwa wa kundi la walanyama waliokwisha kutoweka. Jina limekosea upatanisho na limekosea ukoo, na bado ni jina halali lisiloweza kusahihishwa, kwa kuwa limefungwa kwenye taya lililoko Nairobi na si kwenye sarufi ya mtu yeyote.

Hapana budi kusema wazi kwamba fursa ya kusaidia hupatikana kabla ya kuchapisha tu. Mwanaisimu aliyeulizwa mapema angeweza kutoa herufi moja inayohitajika. Akiulizwa baadaye hana la kutoa.

5.0 Je, kila kobe wa baharini ni kasa?

Limebaki swali gumu zaidi, ambalo ni la uainishaji kuliko la utoaji majina. Kasa wa leo wote ni wa nasaba moja, Chelonioidea. Zamani, hata hivyo, bahari iliingiwa na kobe zaidi ya mara moja. Mawe ya Solothurn nchini Uswisi, ya miaka milioni 150 hivi, yametoa Plesiochelys, aliyeishi katika bahari ya pwani lakini hakuwa na mapezi kamili na hahesabiwi kuwa babu wa kasa wa leo. Angolachelys naye amewekwa na uchunguzi wa karibuni katika tawi lililo jirani na hao. Wote walikuwa wa baharini. Je, ni kasa?

Ugumu huongezeka kwa Archelon mwenyewe na jamaa zake wa familia ya Protostegidae, wakiwamo Santanachelys na Desmatochelys. Baadhi ya chunguzi za nasaba huwaweka karibu na noa, ndani kabisa ya Chelonioidea. Nyingine huwatoa nje, zikiona kwamba mapezi yao yalijitokeza pasipo uhusiano na ya kasa wa leo. Santanachelys anaonyesha jinsi ushahidi unavyovutana: fuvu lake lina nafasi kubwa inayoashiria tezi za kutolea chumvi, alama ya kiumbe wa bahari, ilhali vidole vyake vilikuwa havijaungana na kuwa kasia gumu kama la kasa wa leo. Cadena na Parham walipomtangaza yule wa Kolombia, waliweka alama ya kuuliza kwenye kichwa cha makala yao baada ya maneno yanayomtaja kuwa wa baharini wa kale zaidi. Alama hiyo haihusu umri wa mawe peke yake. Inahusu pia ni nani anayestahili kuhesabiwa.

Mwandishi wa Kiswahili akiamua kwamba kasa maana yake ni Chelonioidea, atajikuta akimwita Archelon kasa mwaka huu na kumvua jina hilo mwaka ujao, kila mti wa nasaba unapochorwa upya. Neno la watu wa pwani litakuwa limefungwa kwenye dhana isiyotulia. Hakuna sababu ya kulitwisha mzigo huo. Kasa tangu asili ni neno la anayetazama pezi na bahari, na kwa kigezo hicho Archelon ni kasa pasipo shaka, bila kujali babu yake ni nani. Nasaba ina majina yake ya Kilatini, nayo yatumike hivyohivyo: Chelonioidea, Protostegidae. Plesiochelys aitwe kobe wa baharini. Mtu anayepinga kwamba hivyo kasa huenda asiwe kundi la kinasaba atakuwa amesema kweli, lakini samaki naye si kundi la kinasaba, na hakuna aliyewahi kupendekeza neno hilo liondolewe katika vitabu.

Pendekezo hili linagongana na desturi ya baadhi ya maandishi ya biolojia ya kutafuta neno moja la Kiswahili kwa kila daraja la Kilatini. Desturi hiyohiyo ndiyo iliyotupatia ngeli kwa maana ya daraja lililo kati ya faila na oda, hata mwanafunzi anayesoma Kiswahili saa mbili na biolojia saa tatu akawa na ngeli mbili zisizojuana. Katika suala la kasa, gharama ingekuwa kubwa zaidi, kwa kuwa neno halikuokotwa. Linatumika kila siku na watu wanaolitegemea.

Kwa Angolachelys, anayefahamika hasa kwa fuvu, kigezo cha pezi hakina jibu. Aandikwe kobe wa baharini hadi miguu yake itakapopatikana. Sentensi kumhusu inaweza kuandikwa kwa usahihi hata sasa: Angolachelys mbaxi aliishi baharini, kielelezo chake kilipatikana Angola, jina lake lilitolewa mwaka 2009. Nafsi tatu za upatanisho, a-, ki- na li-, kwa vitu vitatu.